Programu ya SACCOS yetu imezeeka na aliyeiandika hapatikani: tuizime au tuiache?

Swali kwa ufupi: Mhasibu wa SACCOS ya wafanyakazi mjini Moshi, yenye wanachama wapatao 640, anasema hisa, akiba na mikopo yao yote iko kwenye programu waliyoandikiwa mwaka 2007 kwa Visual FoxPro, zana ya Microsoft ya kuandikia programu za kutunza kumbukumbu. Inakaa kwenye kompyuta moja ya Windows XP, na keshia anaifikia kwa waya kutoka kompyuta yake. Kijana aliyeiandika alihama zamani na simu yake haipatikani. Bodi imepitisha kwamba ifikapo 30 Juni programu izimwe, ununuliwe mfumo mpya. Mhasibu anasema programu haijawahi kumwangusha na mwaka wao wa hesabu unafungwa 31 Desemba. Anauliza nani yuko sahihi.

Ndugu mhasibu, bodi iko sahihi kwamba programu hiyo iondoke. Wewe uko sahihi kwamba 30 Juni si siku yake. Ila kabla ya tarehe yoyote kuna kazi ya mchana mmoja ambayo isipofanyika wiki hii, hadi diski ya hiyo XP inaweza kuumaliza ubishi wenu wenyewe bila kusubiri kikao.

Tuanze na neno "chakavu", maana ndilo linalotajwa kwenye vikao. Programu haishiki kutu. Toleo la mwisho la Visual FoxPro, la 9, lilitoka mwaka 2004, na Microsoft wakaacha kulihudumia kabisa Januari 2015. Hata hivyo programu zilizoandikwa nalo zinafunguka hadi leo kwenye Windows 11, na riba iliyopigwa sawasawa mwaka 2007 bado inapigwa sawasawa. Kinachochakaa ni vinavyoizunguka: mashine, Windows XP yenyewe iliyoachwa tarehe 8 Aprili 2014, printa ya utepe, na zaidi ya vyote mtu anayejua kwa nini programu inafanya inavyofanya. Kwenu mtu huyo hayupo. Mkutano mkuu ukibadilisha masharti ya mkopo, hakuna wa kuyaingiza, na hapo ndipo ofisi huanza kufanya "marekebisho" kwenye Excel. Kama mmeshafika huko, jueni kwamba programu imeshastaafu bila barua. Leja yenu sasa ni Excel, na FoxPro inatumika kuchapa risiti tu.

Kazi ya mchana mmoja ni hii. Chagua siku isiyo ya makato ya mishahara. Keshia atoke kwenye programu, nawe utoke, kompyuta zote mbili. FoxPro haina seva ya kumbukumbu kama mifumo ya siku hizi. Leja yenu ni mafaili ya kawaida ndani ya folda: yenye mwisho wa DBF ndiyo majedwali, FPT yanabeba maelezo marefu, CDX ni faharasa za kutafutia, na pengine yapo ya DBC, DCT na DCX yanayoyafunga pamoja. Ukikopi huku mtu yumo ndani, unaweza kupata DBF ya saa nne kamili na CDX ya saa nne na dakika tano. Faharasa isiyolingana na jedwali lake haitoi onyo. Inakufungulia kadi ya mwanachama mwingine, au inamficha mwanachama aliyepo. Na DBF ikiachwa bila FPT yake haifunguki kabisa. Kwa hiyo kopi folda nzima, usichague faili kwa jina.

Folda yenyewe iko wapi? Bonyeza ikoni ya programu kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, usome njia iliyoandikwa pale. Usiishie hapo, kwa sababu waandishi wengi waliweka programu folda moja na leja folda nyingine. Fungua folda unayoidhania, panga mafaili kwa tarehe ya kubadilishwa. Yaliyobadilika leo ndiyo leja. Kama hakuna hata moja la leo na mmefanya kazi tangu asubuhi, uko folda siyo.

Tumia flashi mpya iliyofomatiwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili unaosomwa na kompyuta za zamani na mpya. Mfumo huo haukubali faili linalozidi GB 4, lakini jedwali la FoxPro lenyewe haliruhusiwi kuvuka GB 2, kwa hiyo litaingia tu. Hiyo GB 2 huwatisha watu bure. Piga hesabu: wanachama 640, miamala 6 kila mmoja kwa mwezi, miezi 12, miaka 19, ni mistari 875,520. Mstari ukichukua baiti 150, jumla ni kama MB 131. Mko mbali na ukuta. Linaloogopesha zaidi ni virusi vya shotikati, vinavyoficha folda na kuacha ikoni bandia, ambavyo kwenye XP huishi miaka bila kuonekana. Flashi ikitoka kwenye mashine hiyo ipite kwanza kwenye kompyuta yenye kinga ya sasa kabla ya kufungua chochote.

Nakala ziwe tatu, na moja isilale jengo moja na kompyuta. Zifunge kwa 7-Zip yenye nywila, kwa sababu mafaili ya DBF hayana kufuli. Ile nywila mnayoandika mnapoingia kwenye programu inalinda mlango wa mbele tu. Anayepata folda anafungua jedwali moja kwa moja na kusoma majina, namba za NIDA, akiba na madeni ya watu 640, na mara nyingi nywila zenu pia zimeandikwa humo wazi. Tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi, na flashi iliyosahauliwa kwenye daladala ya kwenda Himo ni jambo la kujieleza.

Nakala bado si nakala mpaka ifunguliwe kwingine. Kwenye kompyuta nyingine weka LibreOffice, ambayo ni ya bure, ufungue DBF ya wanachama kwa Calc, sehemu yake inayofanana na Excel. Itakuuliza aina ya herufi, chagua ile ya Ulaya Magharibi ya Windows-1252. Hesabu mistari, ulinganishe na idadi ambayo programu inakuonyesha. Kuanzia hapo kila jioni kopi folda kwa jina la tarehe, mfano 2026-03-14, wala usiandike juu ya ile ya jana. Hifadhi kumi za mwisho, na kila ya mwisho wa mwezi. Faharasa ikiharibika hugundulika wiki mbili baadaye, na nakala moja inayofutwa kila siku itakuwa imeharibika pamoja nayo.

Baada ya leja, chukua picha ya diski nzima, yaani nakala kamili ya kila kilichomo, Windows na programu pamoja. Usijaribu kufunga programu za kisasa kwenye XP. Mwite fundi azime mashine, atoe diski, aiunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, kisha achukue picha kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima. Mwambie mapema kama diski ni ya waya mpana wenye matundu 40 (IDE) au ni ya waya mwembamba (SATA), maana adapta hazifanani, na diski ya inchi 3.5 inataka adapta yenye umeme wake wa volti 12. Ile ya kunyonya umeme wa USB peke yake haitaizungusha diski ipasavyo, na fundi atakwambia diski imekufa wakati ina njaa tu. Picha hiyo inaweza kurudishwa baadaye ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta ndani ya kompyuta, na kuwashwa humo. Hapo XP iliyotoka kwenye diski ya IDE lazima ipewe kidhibiti cha IDE, la sivyo itatoa skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Picha haijaharibika. XP haioni tu pa kusomea diski.

Wakati mashine imefunguliwa, angalia kibetri cha duara kwenye ubao mama, CR2032 cha volti 3. Kibadilishe hata kama hakijafa. Hiki kidude kidogo kinaweza kuharibu leja nzima. Kikiisha, umeme wa TANESCO ukikatika usiku, asubuhi saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma, mfano 1 Januari 2002. Keshia anawasha, programu inafunguka kama kawaida, naye anapokea marejesho ya watu 15 kabla ya chai. Yote yanaandikwa kwa tarehe ya 2002. Wanachama wana risiti, lakini kwenye taarifa ya mwezi huu hawaonekani kuwa wamelipa, na riba ya siku zilizopita inatoka hasi au inagoma. Kuzirekebisha ni kutafuta muamala mmoja mmoja. Mpaka siku ya kuhama, liwe zoea: saa ya kona ya skrini inasomwa kwa sauti kabla ya risiti ya kwanza.

Sasa mtandao. Ikiwa kompyuta ya keshia ni Windows 10 au 11 na inaifikia XP, basi imewashwa njia ya zamani ya kugawana mafaili iitwayo SMB1, na huenda kuna fundi aliyeiwasha kwa mkono. XP haijui nyingine, na Windows mpya kwa kawaida zimekuja bila hiyo tangu mwishoni mwa 2017. Mdudu wa WannaCry, aliyezifungia hata hospitali za Uingereza mafaili yao Mei 2017, alipita kwenye udhaifu wa mlango huohuo. Siwaambii muuzime leo, mtasimamisha kazi. Nasema kompyuta zinazogusa leja zisiwe na intaneti kabisa, wala ya waya wala ya simu. Barua pepe na tovuti za serikali zifunguliwe kwenye kompyuta ya tatu. Hii ni gharama ndogo kuliko zote mtakazotajiwa.

Na kama XP ikifa mwezi Mei? Muwe na mbadala uliokwisha kujaribiwa. Programu ya FoxPro haihitaji kufungwa upya kwa mbwembwe: nakili folda kwenye Windows mpya pamoja na mafaili ya kuiendeshea. Kwa toleo la 9 ni VFP9R.DLL, VFP9RENU.DLL, MSVCR71.DLL na GDIPLUS.DLL, na mengi yake utayakuta kwenye XP ndani ya Common Files, folda ya Microsoft Shared, kisha VFP. Iweke kwenye C:\SACCOS, kamwe isiwe ndani ya Program Files. Tangu Vista, Windows hairuhusu programu za kawaida kuandika humo, ila kwa programu za zamani haikatai waziwazi. Inapokea, kisha inaandika kimyakimya kwenye folda iliyofichwa ya mtumiaji aliyeingia. Wewe ukiingia kwa jina lako na keshia kwa lake, mna leja mbili, na kila mmoja ataapa yake ndiyo sahihi. Kwenye mbadala huu fanyeni kazi kwenye kompyuta hiyo moja tu, msigawane folda kwa waya. Windows mpya hupenda kushikilia nakala ya faili kwa sekunde chache ili mtandao uende kasi, na faharasa za FoxPro haziuvumilii mchezo huo.

Hapo mnaweza kukaa na kujadili bila jasho. Na mjadala wenyewe usiwe wa mfumo upi una skrini nzuri. Uwe wa kanuni zilizofichwa ndani ya huu wa zamani, kwa sababu ndizo zitakazopotea.

Mfano. Mkopo wa shilingi 2,400,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, miezi 24. Riba ikipigwa kwenye mkopo wote mwanzo hadi mwisho, ni 576,000, na rejesho ni 124,000 kila mwezi. Ikipigwa kwenye salio linalopungua huku msingi ukilipwa sawa, msingi ni 100,000 kwa mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni 24,000, ya mwisho 1,000, na jumla ya riba ni 300,000. Ikipigwa kwenye salio linalopungua lakini rejesho liwe moja kila mwezi, rejesho ni karibu 112,976 na riba yote ni kama 311,400. Masharti yenu yanasema tu "asilimia 12 kwa mwaka kwa salio linalopungua", na hayo ya mwisho mawili yote yanatimiza maneno hayo. Muuzaji wa mfumo mpya atachagua moja, ile iliyokuja na mfumo wake. Wanachama wataona tofauti mwezi wa kwanza, na Wachagga kwa hesabu hawahitaji kikokotoo.

Kwa hiyo toa mikopo 12 iliyokwisha kulipwa, ya aina tofauti, uipige upya kwa mkono kwenye Excel mpaka upate jibu lilelile la programu hadi shilingi ya mwisho. Usiridhike na "karibu". Tofauti ya shilingi 50 ndiyo inayokwambia kwamba programu inakadiria rejesho hadi mia iliyo karibu na kumalizia kwenye mwezi wa mwisho. Tafuta pia: mwanachama akilipa pungufu, kinakatwa nini kwanza, faini, riba au msingi? Mkopo juu ya mkopo, deni la zamani linatolewa kabla au baada ya kupiga ada? Akiba ya mdhamini inafungwa kiasi gani, na inafunguliwa lini? Riba ya siku inagawanywa kwa 365 au kwa miezi ya siku 30? Andika kila jibu kwa sentensi moja, na bodi isaini. Karatasi mbili au tatu hizo zina thamani kuliko mwongozo wowote wa mfumo mpya.

Na ile karatasi iliyobandikwa pembeni ya skrini, yenye mambo kama "usifunge mwezi kabla ya kuchapa taarifa ya makato", ipige picha. Ofisi zenye programu ya umri huu hazikosi karatasi hiyo, na kila mstari wake ni kasoro ambayo mtu aliigundua kwa maumivu.

Kuhamisha kumbukumbu kuna mitego inayojirudia kiasi kwamba inatabirika. Wa kwanza ni waliofutwa. FoxPro ukimfuta mwanachama haimwondoi. Inaweka alama ya nyota mwanzo wa mstari wake na kuacha kumwonyesha, mpaka mtu aendeshe amri ya PACK. Zana nyingine husoma jedwali bila kujali nyota hiyo, na ghafla aliyejitoa mwaka 2011 anafufuka na akiba yake. Wa pili ni Excel na sifuri. Mwanachama 0047 anageuka 47, simu inapoteza sifuri ya mbele, na namba ya NIDA yenye tarakimu 20 inaharibika kabisa kwa sababu Excel inashika tarakimu 15 tu. Tano za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi. Ukihifadhi mara moja, umeharibu utambulisho wa watu 640 kwa kubonyeza kitufe kimoja. Safu hizo ziwekwe kuwa maandishi kabla ya kuingiza, si baada. Wa tatu ni mwaka wa tarakimu mbili. Excel kwenye kompyuta nyingi husoma 29 kuwa 2029 lakini 30 kuwa 1930. Mkopo wa miezi 48 uliotoka mwaka huu wa 2026 unaisha 2030, kwa hiyo mikopo yenu mirefu yote inaweza kuonekana imechelewa kwa karibu karne nzima. Ndani ya DBF yenyewe tarehe imehifadhiwa kwa mwaka wa tarakimu nne, kwa hiyo kosa huzaliwa wakati wa kutoa. Dai mwaka kamili.

Msihamishe historia yote. Muuzaji atasema anaweza, na atatoza. Hameni na salio la hisa, akiba na amana la kila mwanachama, na mikopo hai pamoja na ratiba yake iliyobaki. Miaka 19 ya miamala ndiko yaliko majina mawili ya mtu mmoja, tarehe za 2002 na marekebisho yasiyo na maelezo. Ukiibeba unaanza na nyumba mpya iliyojaa takataka za zamani. Kabla na baada ya kuhamisha linganisha idadi ya wanachama, jumla ya hisa, jumla ya akiba, jumla ya amana na jumla ya mikopo. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, simameni. Kisha chukua wanachama 30 mmoja mmoja: wenye mikopo mikubwa, wanaochelewa, na wengine wa kuokota tu. Jumla zinaweza kulingana huku fedha za Mushi zikiwa kwa Massawe.

Kuhusu tarehe. Gawio na riba ya akiba hupigwa kwa mwaka mzima, na mara nyingi kwa salio la kila mwezi. Mkizima 30 Juni, miezi sita iko kwenye FoxPro na sita kwenye mfumo mpya, na Desemba utaiunganisha wewe kwa mkono kwa watu 640, kisha mkaguzi atakuuliza umeipataje. Kwa hiyo iombe bodi ibadilishe azimio: 30 Juni iwe siku ya kusaini mkataba na kukamilisha kanuni zilizoandikwa. Julai hadi Septemba jaribuni kuhamisha mara mbili au tatu kwa nakala. Oktoba na Novemba endesheni yote mawili sambamba, kila muamala uandikwe huku na kule, na mwisho wa kila mwezi urari ulingane. Ni kazi mara mbili kweli, tafuteni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika anayetaka mafunzo kwa vitendo. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu makosa ya makato ya mwajiri hujitokeza mwezi unaofuata, orodha inaporudi na majina yaliyorukwa.

Desemba endeleeni kuandika pande zote mbili, lakini msibadilishe mpangilio wowote wa mfumo mpya. Moshi ya Desemba mnaijua: watu wamerudi nyumbani kwa Krismasi, foleni ya kutoa akiba inafika mlangoni, na ada za Januari zinasubiri. Salio la 31 Desemba likiingia kwenye mfumo mpya na kulingana, siku ya kwanza ya kazi ya Januari FoxPro inaacha kupokea. Kitabu cha risiti cha karatasi kiwe mezani wiki mbili za mwanzo, kwa siku ambayo intaneti itagoma.

Kwenye mkataba sitajadili bei, ila jambo moja msilisaini bila hilo: nyinyi wenyewe, bila kumpigia mtu simu, muweze kutoa leja yote kwa CSV, faili la maandishi matupu linalofunguka kwenye programu yoyote ya majedwali, siku yoyote mnayotaka, na mlijaribu mbele ya muuzaji kabla ya malipo ya kwanza. Mfumo usiotoa kumbukumbu zake ni hiyohiyo FoxPro yenu, tofauti ni kwamba hii mpya inalipiwa kila mwezi. Muulizeni pia Afisa Ushirika ni taarifa gani mtatakiwa kupeleka kwenye MUVU, mfumo wa serikali wa kusimamia vyama vya ushirika, na kwa muundo gani, muuzaji aonyeshe mfumo wake ukizitoa, si aahidi.

Je, kuna hali ambayo ningesema muiache? Ipo. Kama ingekuwa programu ya kusoma mizani ya kahawa, isiyoshika fedha za mtu, isiyounganishwa na chochote, ningesema nunueni kompyuta ya pili ya aina hiyo, mchukue picha ya diski, mwendelee mpaka mizani yenyewe ife. Na kama mkiipata folda yenye maandishi ya asili ya programu, mafaili ya PRG, SCX na PJX, mambo yanabadilika kidogo: mtu anayejua FoxPro anaweza kuirekebisha na kuwapa muda wa kutosha kuchagua vizuri. Watafuteni kwenye CD za mwaka 2007 kabatini kabla ya kukata tamaa. Lakini wajuzi wa FoxPro hawaongezeki, na leja ya akiba za watu haistahili kumtegemea mzee mmoja wa Arusha anayepokea simu akijisikia.

Baada ya kuhama, msiifute. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 5, na ubishi wa mwanachama kuhusu mkopo wa 2019 hauangalii sheria ya kodi. Chapeni kwa PDF kadi ya kila mwanachama na urari wa kila mwisho wa mwaka. Programu ibaki kwenye kompyuta mbadala, mafaili yakiwekwa ya kusomwa tu kwenye nakala moja, na nakala nyingine ya kawaida ifunguke, kwa sababu FoxPro nyingi hugoma kuanza zisipoweza kuandika. Mkaguzi akishamaliza hesabu za mwaka wa kuhama, mwite fundi atoe diski ya XP, iingie kwenye bahasha iliyosainiwa na watu wawili, ilale kwenye sefu. Mashine bila diski mnaweza kumpa fundi kama sehemu ya malipo yake.